Samaki mu Shimo ya Ngandu

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Samaki ilioza tena. Bassin mbili nzima, makobo ya Kasenga, jana ilikuwa mizuri kabisa. Asubui nafungua bâche ya kuifunika — harufu ikanipiga mu uso. Courant, umeme, ilienda tangu Jumamosi, siku ya posho, haiyarudi. Nikaenda kumwanga yote nyuma ya soko. Ata imbwa zilichagua-chagua.

Delphine, mwenzangu wa soko, akapita na bassin yake ku kichwa. Hakuniangalia. Lakini akamuambia mwenzake, na sauti ya kunifikia muzuri, kama mwenye alikula panneaux ya jua anaweza kula na samaki ya kuoza, tumbo yake ilishazoea.

Nikainama kusugua bassin yangu. Mie, Albertine, mwenye Katuba nzima inajua mudomo yangu!

Niandike, nisipasuke. Wakati ya corona soko ilifungwa, biashara ya samaki ikakufa, mutaji tukaikula sie wenyewe na batoto. Kiisha Leta, serikali, ikaleta franga ya relance, ya kufufua biashara. Tukaambiwa: safari hii habatagawa kitu mu mukono, batajenga kitu ya kudumu. Kwetu bakajenga chambre froide ya jua. Nyumba ya baridi mu soko, panneaux juu ya mabati, hakuna tena kungojea courant. Mie njo nilizunguuka meza kwa meza kubembeleza bamama. Mie njo nilimuambia Delphine aache nafasi yake, ile ya karibu na mulango ya soko, yenye kila mama aliitamani, juu ukuta ilipashwa kupita pale. Akaacha. Matofali tulibeba sie wenyewe ku kichwa. Mbele mafundi bapandishe panneaux, mwana wangu Syntiche akatosha vernis yake ya kucha, akachora samaki mudogo mwekundu pembeni ya kila moja. Kusudi tujue ni yetu, akasema. Bwana Floribert, mukubwa wa programme, akakata kamba, akahubiri kama relance ya kweli ni ile yenye batoto batakuta. Tukamupigia makofi mpaka mikono ikauma.

Miaka mbili tuliuzisha samaki kama bantu.

Mu mwezi wa nane Floribert ananipigia simu, mie mwenye kuchunga funguo ya bamama: présidente, mafundi banakuja kwa entretien, kutengeneza kidogo, ubafungulie. Nikabafungulia. Bakapanda, bakakongoa panneaux yote, bakapakia mu camionnette, bakaniaga na heshima. Mpaka leo, kimya. Na bamama baliona kitu moja tu: Albertine na funguo ku mukono.

Njo hiyo. Sikukula kitu. Lakini mulango, mie njo nilifungua.

Jumatano, 5 Novemba

Nilienda mu ville, ku bureau ya Floribert. Climatiseur inapuliza baridi, viti vya ngozi, picha ya chambre froide yetu ku ukuta — na panneaux juu, zinangaa! Ile picha iliniuma kuliko kitu yote.

Floribert akasimama, akafungua mikono: "Samaki yangu!"

Ni desturi yetu. Yee ni wa Bena Ngandu, mukowa ya mamba. Mie ni wa Bena Isabi, samaki. Mamba na samaki ni banungwe, batani, tangu bankambo: tunatukanana, tunanyanganyana bintu, zaidi sana ku kilio, ku matanga, na mwenye kukasirika njo mwenye kosa. Tangu nimujue namuita mwizi, yee ananiita mboga. Tulikuwa tunacheka sana, mie na yee.

Leo sikucheka. Nilisimama mbele ya meza yake nikamuambia: wee uko mwizi, umeiba bintu ya bamama.

Akacheka! Akaita basecrétaires bakuje kusikia. Muone nungwe wangu, anasema, tangu asubui sikuwa na furaha, Mungu akamutuma. Bakacheka bote. Nikarudilia, polepole, kama naongea na mutoto: Floribert, sichezi. Akazidi. Machozi ikamutoka.

Kiisha akanisindikiza ku mulango, mukono yake ku bega langu. Panneaux iko mu dépôt kule Likasi, anasema, tunangojea phase ya pili. Akamwanga na kifaransa — résilience, inclusif, durable, durable, durable. Kila "durable", ya kudumu, ananipiga-piga ku bega.

Nilishuka ngazi na kicheko yao mu mugongo. Nitamulipisha. Vile gani sijui. Lakini itakuwa mbele ya bantu, na yee atakuwa amevaa muzuri.

Ijumaa, 7 Novemba

Niandike haraka, mbele nisahau.

Mu Katuba hakuna mwenye ananunua kwangu tena, basi nilibeba bassin mpaka Kamalondo, avenue kwa avenue. Pale kuna flat-hôtel mupya, na bar mu lupango, uwanja yake. Mupishi akaniita ndani. Njiani kote bantu banalia juu ya courant — bashona nguo beko inje, mashini kimya. Lakini mule ndani muziki inalia, bière inatoka jasho ya baridi. Nikamuuliza mupishi: nyie munatumia nini, groupe ya mafuta? Akasema hapana mama, sie tuko na jua. Patronne wetu anaangalia mbali.

Nikainua macho. Mabati ya bar iko chini, karibu unaweza kuifikia na fagio.

Samaki mwekundu. Pembeni. Na kule, ingine. Na ingine. Vernis ya mwana wangu!

Nikauliza patronne ni nani, kama mutu anauliza saa. Mama Séphora, anasema, bibi ya ndoa ya mukubwa Floribert. Kiisha mupishi akanunua samaki yangu karibu yote, akafungua congélateur, akaipanga mule ndani moja moja. Samaki yangu leo italala mu baridi ya panneaux yangu, ku kwake.

Sikupiga kelele. Nilimulomba mayi ya kunywa. Ilikuwa baridi sana. Nikakunywa yote, nikarudisha kopo, nikasema merci.

Jumapili, 9 Novemba

Ku misa, kwa Baba Yetu, nilifika pale pa kusamehe, nikafunga mudomo. Nikafungua tena ku "Amina". Mungu anajua kusoma roho, sikutaka kumudanganya.

Nyuma ya misa nilimukamata Delphine ku kitenge. Nikamuambia yote: flat-hôtel, mabati, samaki mwekundu. Akanisikiliza, kweli. Kiisha akasema: basi kama unajua kwenye iko, ni juu wee njo ulimuuzishia.

Ningemupiga kofi palepale mbele ya Bikira Maria.

Lakini usiku sikuwa na kasirani naye. Aliachaka nafasi yake ya ku mulango juu ya maneno yangu. Leo anauzisha nyuma, karibu na choo. Mie pia ningeongea vile.

Syntiche alienda Kamalondo na téléphone yake kupiga picha. Sentinelle, mulinzi wa pale, akamufukuza na fimbo. Polisi? Mukubwa wa polisi wa kule njo mwenye kiti yake haikaliwe na mutu ingine mu ile bar, mupishi aliniambia na kiburi. Ku bureau bananicheka. Ku soko bananitemea. Kila mulango nagonga, Floribert iko nyuma yake na bière ya baridi.

Leo nilimutakia tumbo ya kuhara, mu réunion, na costume nyeupe. Nikaona haitoshi. Nikamutakia meno. Haitoshi pia. Nataka asimame mbele ya bote na bantu bamuangalie, na asipate pa kuweka macho. Ile tu. Kiisha akule bukari yake ya unga na amani.

Jumanne, 11 Novemba

Mama ya Floribert alikufa. Mama Chilufya. Asubui, anafagia mbele ya mulango, akakaa chini, akaisha.

Kila posho alikuwa ananunua kwangu kichwa ya samaki. Hakuna siku alinilomba kupunguza bei. Ata mu mwezi wa kumi, wakati bote balishaniacha, alikuja na sahani yake, akasema bantu ni banini, mie nataka kichwa yangu.

Nililia. Kiisha — niandike, hii ni kaye yangu, daftari yangu — nilifikiri: Floribert atakuwa na kilio. Na ku kilio mie niko na haki ya kusema.

Na nikatabasamu, na machozi ingali ku uso. Nilijiona mu kioo. Sikujipenda sana.

Jumatano, 12 Novemba

Nilienda ku kilio. Nilijipanga: kitenge ya nyuma-mbele, sufuria ku kichwa kama kofia, bassin tupu ku mukono. Vile nungwe anakujaka. Bamama beko chini ku misambi, ku mikeka, banalia, babwana ku viti, bakubwa wa bureau mbele na miwani yao myeusi. Soko nzima ilikuwa pale, juu Mama Chilufya alipendwa.

Nilianza polepole. Nikatembea kama marehemu, mukono ku kiuno, nikalomba kichwa ya samaki na sauti yake. Bantu banalia na banacheka pamoja. Dada wa marehemu, Mama Léa, mukubwa wa Bena Ngandu sasa, alishika mbavu.

Njo nikasimama katikati.

"Bena Ngandu, munalilia nini? Mamba halii, mamba anashiba! Muulize Floribert kwenye alipeleka panneaux ya bamama ya Katuba. Iko Kamalondo, juu ya bar ya bibi yake! Franga ya relance inapoza bière yake!"

Nikasema yote. Vernis, samaki mwekundu, congélateur, simu ya mwezi wa nane. Hakuna kitu niliacha.

Na balicheka!

Balicheka sana. Bamama bakapiga makofi: huyu njo nungwe wa kweli, anajua kazi! Mukubwa moja wa miwani akamuambia mwenzake eti haya ni utajiri ya culture yetu. Floribert alicheka kuliko bote. Akasimama, akafuta macho, akaniweka franga ku mukono mbele ya bantu vile desturi inaomba, akanikumbatia. Mu masikio yangu akasema, polepole: merci, sasa kila mutu amesikia, na hakuna mwenye anaamini.

Njiani yote ya kurudi nilikuwa naongea peke yangu. Mujinga! Kitu ya kweli kabisa, nikaivalisha sufuria ku kichwa. Ningesema ku kilio kama Floribert ni mutakatifu, njo bantu bangeshituka.

Kitu moja tu. Delphine hakucheka. Na haikuwa mie alikuwa anaangalia. Alikuwa anaangalia Floribert, wakati aliinama ku masikio yangu.

Alhamisi, 13 Novemba

Sikulala. Asubui nilienda kwa mujomba Edouard. Yee njo mukubwa wa Bena Isabi hapa, alitumika ku reli mpaka pension. Alikuwa anatengeneza radio yake na kisu ya mezani. Nikamuuliza: mujomba, nungwe akiingia mu kaburi mbele ya maiti, sheria iko vipi?

Akaweka kisu chini. Akaniangalia sana.

Akasema: nungwe akiingia, bapashwa kumupa kitu yenye atalomba na kinywa yake. Hakuna muntu wa Ngandu anaweza kumushika mukono. Mugeni pia hapana. Maiti inangojea. Bantu banalombaka kuku, banalombaka bière. Yee mwenyewe alipataka kinga, baisikeli, mu kaburi ya fundi moja wa ku reli, na ile kinga aliipanda miaka mingi.

Nikamuuliza kama kuna mutu alishalomba kitu kubwa.

"Lomba kitu moja, mama. Na ukiwa mule ndani, ucheke. Siku nungwe anakasirika, bunungwe inavunjika, hapo unakuwa tu mwanamuke mwenye kusumbua maiti. Batakutosha inje na nguvu, na mie sitakutetea."

Nikamuambia nitacheka. Akashika tena radio yake. Hakunikataza.

Syntiche naye hakunyamaza. Alifua sahani na kelele, kiisha akageuka: mama, yee Mama Chilufya alikukosea nini? Nikamuambia maliza sahani.

Hakunikosea kitu. Ile njo inanikula. Lakini mutoto wake njo yuko mbele yangu, na mulango ingine sina.

Jumamosi, 15 Novemba

Ninaandika mu kaburi.

Kweli. Niko mu kaburi ya Mama Chilufya, nimekaa chini, mugongo ku udongo mwekundu, miguu nimenyoosha. Iko baridi huku. Juu naona kipande ya mawingu na viatu vya bantu. Nilitosha kaye mu sac kusudi baone sina haraka.

Vile ilikuwa: sanduku ilifika, bakaiweka juu ya viti pembeni ya shimo. Padri akafungua kitabu. Nikavua viatu, nikamupa Syntiche — alivikamata bila kuniangalia — nikateremuka. Bantu bakaanza kucheka palepale. Weee, samaki ameingia mu shimo ya ngandu! Padri yee ni mutoto wa hapa, anajua. Akafunga kitabu, akaweka kidole mule kwenye alifika.

Floribert akakuja ku ukingo. Costume nyeusi, kiatu ya kungaa. Akateremusha enveloppe ya franga. Nikairudisha. Bantu: eeeh! Akaongeza casier ya bière. Nikasema mie sikunywaka. Akasema mbuzi, basi, nungwe wangu, mbuzi muzima. Bote banacheka, na mie nacheka, vile mujomba aliniambia.

Njo nikalomba. Na sauti ya kufika mpaka ku barabara.

"Nalomba panneaux ya bamama ya Katuba. Ile yenye samaki mwekundu. Zikuje hapa mu camionnette, nizione na macho yangu. Kiisha mama alale."

Bakacheka tena, lakini kidogo. Mu kicheko nikasikia mashimo.

Floribert akachutama. Uso yake ilikuwa karibu, naona jasho ku mudomo ya juu. Akaongea chini-chini: Albertine, toka. Usinitie haya siku ya mama yangu. Nitakuonesha.

"Usikasirike, nungwe. Mwenye kukasirika njo mwenye kosa."

Nilikuwa nangojea kumuambia ile neno tangu siku ya bureau. Ilikuwa tamu mu kinywa. Naiandika na bado iko tamu.

Hapo Mama Léa akakuja, na fimbo yake, banamushika huku na huku. Akauliza: panneaux gani? Siku ile ku kilio nilifikiri ni mchezo. Floribert, huyu mwanamuke anasema uongo?

Floribert akanyooka, akacheka, akageukia bakubwa wake wa miwani myeusi: ni mchezo tu, tantine, ni culture.

Mama Léa akaangalia sanduku ya mudogo wake. Kiisha akamuangalia yee.

"Kama ni mchezo, tuma camionnette."

Floribert akisema panneaux haiko kwake, nungwe hatoki, na mama yake atalala juu ya viti mbele ya padri na bakubwa. Akisema iko kwake — basi. Nilimuona anatafuta pa kuweka macho. Aliangalia sanduku, akaiacha haraka. Aliangalia bakubwa wake: bo banaangalia viatu yao. Aliangalia mie, chini huku, na mie nikamuinulia kalamu.

Ile njo nililomba ku Mungu. Iliingia mu mwili kama supu ya moto. Sitasema uongo hapa: ilikuwa muzuri!

Kiisha akaita chauffeur wake, Fils, akamuvuta mbali, nyuma ya corbillard, motokari ya maiti. Balichosema sikusikia. Camionnette ikaenda.

Sasa tunangojea.

*

Bado.

Mawingu inashuka. Bamoja banarudi ku mabus, nasikia banalaumu. Kicheko iliisha zamani. Mie peke yangu ningali nacheka, na matama inauma. Sauti moja huko juu inasema imezidi, sasa imezidi, bamuite polisi. Mujomba Edouard anajibu: hakuna wa kumugusa, anacheka, hamumuone anacheka? Nacheka, mujomba. Nacheka.

Niko na haya. Niandike tu. Kutoka huku naona pembe ya sanduku, na ua ya plastiki inayumba na upepo. Nimeongea na Mama Chilufya polepole. Nimemuambia: mama unisamehe, si wee. Nitakuachia, sitakawia. Kichwa ya samaki yote uliyonunua bila kupunguza bei, ningekurudishia leo, lakini mutoto wako alikula chambre froide yetu na hakuna mwenye alitaka kusikia mpaka niingie mu kitanda yako.

Hakujibu. Angejibu, sijui kama angenitosha ao angeniambia nisogee.

Tone la kwanza. Juu ya neno "kitanda". Wino inakimbia.

*

Motokari ku barabara. Inakuja huku, nasikia inashuka mu mashimo. Sijui kama ni Fils ao ni polisi. Fils njo mwenye alipeleka camionnette kwa mwezi wa nane, nakumbuka sura yake, aliniaga na heshima. Anaweza kurudi na panneaux. Anaweza kurudi na bantu wa ile bar.

Floribert ametosha miwani myeusi, amevaa. Na hakuna jua.

Udongo inaniangukia ku kichwa. Kuna mutu ku ukingo. Miguu bila viatu, ya mwanamuke, kisigino imepasuka na mayi ya samaki.

Delphine.

Ameweka bassin yake pembeni. Mama moja wa Ngandu anamushika: wee hapana, mama, wee ni mutu wa Kasai, hauna bunungwe na sie, hauna haki. Yee akiingia haiko mchezo. Na mujomba anasema vilevile, na sauti ya woga: mama Delphine, wee ukiingia bunungwe inakwisha, hakuna atawalinda.

Anajibu na sauti ileile, ya kufikia muzuri:

"Najua. Mie sikukuja kucheza."

Na nyuma yake viatu vingine vinavuliwa. Mapatapata ya bamama ya soko, nayajua moja moja.

Nimeacha kucheka. Haina kazi tena.

Motokari imesimama. Mulango inafunguka, ingine pia. Delphine amekaa ku ukingo, ameteremusha miguu, udongo inajaa mu kaye. Ananiambia: sogea.

Ninaso